Skrini kubwa haisahihishi sarufi

TELEVISHENI ilianza humu nchini mwaka wa 1962. Serikali ilipoitwaa stesheni hiyo mnamo 1964 na kuiita Sauti ya Kenya, mtazamaji hakuwa na pengine pa kugeukia. Msomaji wa habari alikuwa msomaji kwelikweli: aliketi mezani na kusoma taarifa iliyokwisha kupita mikononi mwa mhariri.

Ujio wa KTN mwaka wa 1990, kisha Nation TV mwaka wa 1999, ulizua ushindani. Studio zikapambwa, skrini zikapanuka, nao wasomaji wakaanza kuketi wawili wawili. Mwaka wa 2018 runinga ya Citizen iliwaketisha pamoja Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mume na mke. Usomaji ukageuka mazungumzo, na Kiswahili cha taarifa kikachangamka. Hilo ni jema.

Lakini, jamani, mapambo yana gharama. Mwaka wa 2020, korona ilipobana matangazo ya biashara, vyombo kadhaa vilifuta wafanyakazi na kupunguza mishahara. Mtangazaji akiondoka, watazamaji huuliza yuko wapi. Mhariri wa lugha akiondoka, nani atauliza? Pengo lake huonekana tu tunaposikia "mwisho wa siku" badala ya "hatimaye", tafsiri sisisi iliyokosa wa kuizuia.

Wenye stesheni wakumbuke: studio humvutia mtazamaji, ila anachoondoka nacho ni lugha. Watoto wetu hujifunzia hapo.