Muhogo mchungu: sumu inatoka wapi, na kwa nini kuloweka hakuna njia ya mkato

Kandokando ya Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi bonde la mto Luapula, muhogo ndio chakula kikuu. Walunda wa Mwata Kazembe waliueneza bondeni humo katika karne ya 18, na leo unawalisha wenyeji pamoja na wakimbizi kutoka Kongo wanaoishi katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Hata hivyo, muhogo hutoa sianidi, sumu inayoweza kulemaza na hata kuua.

Sumu hutengenezwaje?

Viumbe hai hutegemea vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Maelekezo ya kuunda kila kimeng'enya yamo katika jeni. Jeni zenye asili moja, zilizojinakili na kisha kutofautiana kidogo kidogo, huitwa familia. Miongoni mwa familia kubwa za mimea ni sitokromu P450: baadhi ya jeni zake husaidia kuunda homoni za ukuaji, nyingine huunda silaha dhidi ya maadui.

Katika muhogo, jeni mbili za familia hiyo, CYP79D1 na CYP79D2, huanzisha kazi ya kugeuza asidi amino iitwayo valini kuwa linamarini. Linamarini huhifadhiwa ndani ya seli, ilhali kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, hukaa kwenye kuta za seli. Mdudu au panya anapotafuna, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka.

Silaha iliyo pia akiba

Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walizizima jeni hizo. Mimea iliyopungukiwa linamarini majanini ilishindwa kuotesha mizizi katika maabara mpaka ilipopewa amonia. Ilidhihirika kwamba linamarini husafirisha nitrojeni kutoka majani hadi mizizi. Familia nyingine ya vimeng'enya huinasa sianidi na kuiunganisha na sisteini, na hatimaye nitrojeni yake hutumika kujenga protini. Ndiyo maana si rahisi kuiondoa sumu bila kuudhoofisha mmea.

Wakati wa ukame linamarini huongezeka. Mbegu ileile, katika shamba lilelile, yaweza kuwa chungu zaidi mwaka wa jua kali.

Hatari kwa binadamu

Ugonjwa wa konzo ulielezwa mwaka 1938 huko Kwango, Kongo. Jina lake ni la Kiyaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Miguu hupooza ghafla, na ulemavu hauponi. Waathirika wengi ni watoto na wanawake. Mwaka 1985 uliwakumba watu wa Tarime, Tanzania, wakati wa ukame. Njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka muhogo mchungu, na huo ndio mwanya wa ugonjwa.

Namna ya kujikinga

Kuchemsha muhogo mchungu mzima hakutoshi. Joto huharibu linamarasi kabla haijamaliza kazi, na linamarini hubaki. Muhogo ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha uanikwe hadi ukauke kabisa. Majani, yaani sombe au katapa, hutwangwa yakiwa mabichi kwa sababu hiyohiyo: kutwanga huvunja seli na kuruhusu sumu itoke kabla ya kupikwa.

Unga unaotiliwa shaka unaweza kusafishwa. Utie katika bakuli na uweke alama mahali ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, saa mbili juani au saa tano kivulini, na uupike siku hiyohiyo. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia.

Samaki nao ni kinga. Mwili huhitaji asidi amino zenye salfa ili kuibadilisha sianidi na kuitoa kwa mkojo, na chisense wanazo. Kwa hiyo miezi ya kufungwa kwa uvuvi, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, samaki wanapoadimika, ndiyo ya kuwa waangalifu zaidi: kaya ihifadhi samaki wakavu mapema, wala isipunguze siku za kuloweka.