Marufuku ya Kompyuta ya Mwaka 1974: Nani Aliifahamu Mashine ya Hazina?

Kila inapozungumzwa historia ya teknolojia nchini mwetu, kisa kimoja hutajwa kwa kicheko: kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Wako wanaokitumia kisa hiki kuthibitisha kuwa zama za Ujamaa ziliyaogopa maendeleo. Wako pia wanaokitetea, wakisema kwamba nchi yenye njaa ya mahindi haikuwa na sababu ya kushindana kwa mashine za Wazungu. Pande zote mbili huanzia mwaka 1974, kana kwamba kabla yake palikuwa patupu. Ukweli ni kwamba wakati amri ile inatolewa, Serikali ilikuwa imeishi na kompyuta kwa takriban miaka tisa, tena katika wizara nyeti kuliko zote, Wizara ya Fedha. Iliyopiga marufuku kompyuta ni serikali iliyokuwa imekwisha kuumwa nayo.

Hoja ya makala haya ni kwamba amri ya 1974 iliadhibu chuma, na ikaliacha kosa lenyewe likae pale pale lilipokuwa. Kosa hilo lilikuwa kununua chombo ambacho hakuna mtu nchini aliyekifahamu kwa ndani, na kukikabidhi mahesabu ya taifa. Kwa kuwa mjadala kama huo umerudi leo kwa sura ya akili mnemba na mifumo ya kidijitali ya Serikali, yafaa tukitazame kisa chote, tangu mwanzo wake.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Kampuni ya ICT ilikuwa ya Kiingereza, iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganishwa kampuni mbili zilizokuwa zikitengeneza mashine za kadi zilizotobolewa. Lakini ICT 1500 haikubuniwa Uingereza. Ilikuwa ni RCA 301, mashine ya Kimarekani iliyotangazwa mwaka 1960, ikiuzwa kwa jina la ICT. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwaka 1964, yaani mwaka mmoja kabla ya mashine ile kufungwa Dar es Salaam, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia yake ya System/360, na ICT yenyewe ikatangaza familia yake mpya ya 1900. Dunia ilikuwa inahama kwenda katika kizazi kipya cha kompyuta, na Hazina yetu ilipokea kizazi kilichokuwa kinaaga. Mnunuzi asiye na mtaalamu wake mwenyewe hana njia ya kulijua jambo hilo. Huambiwa na muuzaji, na muuzaji ana bidhaa ghalani.

Msomaji kijana aliyezoea simu ya mkononi anahitaji kuelezwa jinsi mtambo wa namna ile ulivyofanya kazi. Kumbukumbu yake ya ndani ilibeba kati ya herufi 10,000 na 40,000 tu, kutegemea ukubwa ulionunuliwa. Hata kwa kiwango cha juu kabisa, makala haya yangejaza robo yake na kuzidi. Hesabu ya malipo haikuingizwa kwa kuandika kwenye kioo. Afisa aliandika vocha. Karani aliisoma vocha na kutoboa kadi ngumu ya karatasi, kila tarakimu kwa tundu mahali pake. Karani wa pili alirudia kazi ile ili kuhakiki. Bunda la kadi lilipelekwa kwenye mtambo, likasomwa, likapangwa kwa vifungu vya bajeti, na mwishowe taarifa ikachapwa. Tundu moja likikosewa, malipo ya idara moja huweza kuangukia kifungu cha idara nyingine. Kadi zikipangika vibaya, mwezi mzima huharibika.

Kwa maelezo hayo utaona kwamba kompyuta ile haikuondoa makarani. Iliwadai makarani wa aina mpya: wenye nidhamu ya kuhakiki, wanaojua programu inatarajia nini, na wanaoweza kutambua kuwa jumla iliyochapwa haiwezi kuwa sahihi hata kama imechapwa kwa wino mzuri. Iliwadai pia waandishi wa programu, mafundi, na wahasibu wakuu wanaoweza kuzungumza na makundi hayo mawili kwa lugha moja.

Watu hao wangetoka wapi? Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja, cha Sheria. Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa mwaka 1973. Kwa maneno mengine, kompyuta iliingia Hazina miaka minane kabla nchi haijawa na mahali pa kumfundisha mhandisi wake katika ngazi ya shahada, na marufuku ikatolewa kabla ya kitivo hicho kumhitimisha mwanafunzi wake wa kwanza. Pengo hilo lilijazwa na wataalamu wa kigeni na ushauri wa wauzaji. Sisemi kwamba wote walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba maarifa ya mtambo yalikaa vichwani mwa watu waliokuwa na tiketi ya kurudi kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilijaribu kuhamishia mahesabu yake katika kompyuta, ikiziacha mashine za uhasibu zilizotumika awali. Maandalizi yalikuwa hafifu, watumishi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, na utaratibu wa zamani uliachwa kabla ule mpya haujaimarika. Mahesabu yakavurugika. Kwa wizara nyingine huenda mkanganyiko kama huo ungekuwa usumbufu. Kwa Hazina ulikuwa jambo la utawala wenyewe. Serikali isiyojua imetumia kiasi gani haiwezi kujua imebaki na nini, na Bunge haliwezi kuihoji kwa takwimu ambazo hazipo.

Juu ya jeraha hilo ikashuka dhoruba ya nje. Kuanzia Oktoba 1973 hadi mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda takriban mara nne. Ukame wa miaka hiyo uliilazimisha nchi kuagiza nafaka kwa fedha za kigeni. Kila dola ikawa na wadai watatu: mafuta, chakula na vipuri. Katika hali hiyo, mtambo ulioagizwa kwa fedha za kigeni, uliotengenezwa kwa fedha za kigeni, na uliokuwa umevuruga hesabu za hizo fedha zenyewe, haukuwa na mtetezi. Amri ya 1974 ilipotoka, kompyuta ziliwekwa fungu moja na televisheni, chombo kilichoonekana kuwa cha anasa. Aliyetaka kuingiza kompyuta baada ya hapo alilazimika kuomba kibali maalumu na kueleza haja yake.

Tuwe waadilifu kwa waliotoa amri ile. Kusimamisha ununuzi wa kitu kilichokushinda ni busara ya kawaida ya kaya yoyote. Aidha, sharti la kueleza haja kabla ya kununua ni sharti ambalo watumishi wengi wa umma leo wangelitamani lirudi, wanapoona mifumo mitatu ikinunuliwa na idara tatu za taasisi moja kwa kazi ile ile. Ubaya haukuwa katika kusimama. Ubaya ulikuwa katika kutofanya lolote wakati tumesimama. Asiyejua kuogelea akizuiwa kwenda mtoni ameokolewa kwa siku hiyo. Asipofundishwa kuogelea, siku atakapofika mtoni bila mlinzi atazama vilevile.

Ili tuone kwamba njia nyingine ilikuwepo, tuitazame India, nchi iliyokuwa nayo na umaskini, ukame, uhaba wa fedha za kigeni na siasa ya kujitegemea. India nayo ilibana uingizaji wa kompyuta kwa nguvu. Lakini kule ubanaji ulikwenda sambamba na ujenzi. Taasisi ya utafiti ya Tata mjini Bombay ilikuwa imekwisha kujiundia kompyuta yake, TIFRAC, ilipofika mwaka 1960. Chuo cha teknolojia cha Kanpur kilipata mtambo wa IBM 1620 mwaka 1963, ukawekwa kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1967 iliundwa kampuni ya umma ya elektroniki, ECIL, na miaka miwili baadaye ikatoa kompyuta yake ya kwanza. Kisha likaja tendo ambalo kwangu lina somo kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 India iliunda shirika la umma, CMC, ambalo jukumu lake la kwanza lilikuwa kutengeneza kompyuta zilizokwisha kununuliwa. IBM ilipogoma kupunguza umiliki wake kama sheria ilivyodai na kuondoka mwaka 1978, mitambo yake haikugeuka magofu. Mafundi wa shirika lile waliichukua na kuiendesha.

India ilipata hasara nyingi kwa siasa hiyo: urasimu wa vibali, bei kubwa, mashine zilizochelewa. Haikuwa pepo. Tena ilikuwa nchi kubwa mno kuliko yetu, yenye vyuo vikuu vya tangu karne ya 19, na itakuwa dhuluma kuitumia kama fimbo ya kutuchapia. Hata hivyo, jambo moja katika yale halikuhitaji ukubwa wa India: uamuzi kwamba fundi ni mali ya taifa kuliko mashine. Shirika dogo la matengenezo la watu ishirini lingetutosha kuanzia.

Sisi tulikuwa na mlango uliofungwa, na milango iliyofungwa ina tabia ya kupitiwa dirishani. Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea duniani baada ya mwaka 1981, ziliingia nchini hasa kama sehemu ya miradi ya wafadhili, kwa vibali vya kipekee. Marufuku ikalegea kidogo kidogo katika zama za mageuzi ya uchumi. Kila mradi ulikuja na mashine zake, programu zake na mshauri wake. Mradi ulipokwisha, mshauri aliondoka na mashine ikafunikwa kitambaa. Hali ya 1965 ilijirudia kwa vipande vidogo vidogo, safari hii bila hata ya mtu mmoja wa kuulizwa.

Sheria nazo zilibaki nyuma. Mwaka 2000, robo karne baada ya amri, Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilikuwa bado kinalazimika kuamua kama karatasi iliyochapwa na kompyuta ya benki inaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Jaji Nsekela aliamua kwamba inaweza. Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003, na Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa kuhusu suala hilo mwaka 2007. Televisheni, ile iliyoshitakiwa pamoja na kompyuta, ilikuwa imeanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hitimisho la kisa hiki linapatikana katika wizara ile ile kilikoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hazina iliingia tena katika usimamizi wa fedha kwa kompyuta, ikitumia programu iliyonunuliwa nje ambayo watumishi wengi waliifahamu kwa jina la Epicor. Ilifanya kazi kubwa kwa miaka mingi, nasi tuliilipia leseni. Baadaye programu hiyo ilipisha MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali uliosanifiwa na wataalamu wa ndani. Mfumo wa GePG, unaompa mwananchi kumbukumbu namba anapolipa kodi, ada au faini, nao umejengwa na Watanzania. Mtu anaweza kulalamikia mifumo hiyo inapokwama mwisho wa mwezi, na ana haki. Lakini ikikwama, anayeamshwa usiku kuitengeneza ni mtumishi wa umma, yuko nchini, na anaweza kuitwa mbele ya kamati ya Bunge akajieleza. Mwaka 1974 hapakuwa na mtu huyo wa kumwita.

Mafanikio hayo hayana hatimiliki ya kudumu. Vijana waliojenga mifumo hii hutafutwa na benki na kampuni za simu kwa mishahara ambayo Serikali hailipi. Na tayari wauzaji wapya wako mlangoni, safari hii na akili mnemba: mitambo iliyo katika nchi nyingine, ambayo hata waundaji wake hawawezi kueleza kikamilifu kwa nini imetoa jibu hili na si lile. Wapo watakaosema tununue haraka tusiachwe. Wapo watakaosema tupige marufuku. Wote wawili wamekwisha kujaribiwa hapa kwetu, wa kwanza mwaka 1965 na wa pili mwaka 1974.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayekaa katika kamati ya zabuni, kabla hujaulizia bei, uliza haya. Nani kati yetu anaweza kuufungua mtambo huu na kueleza unavyofikia jibu? Muuzaji akiondoka kesho, kazi itasimama kwa siku ngapi? Takwimu za wananchi zitakaa wapi, na zitatoka kwa idhini ya nani? Utaratibu wa zamani utaendeshwa sambamba na mpya kwa muda gani kabla ya kuachwa? Nawe mwanafunzi unayesoma uhasibu au sheria, usidhani maswali hayo ni ya wenzako wa uhandisi peke yao. Mahesabu ya Hazina hayakuharibiwa na ukosefu wa wahandisi tu. Yaliharibika pia kwa sababu hapakuwa na wahasibu wa kutosha waliothubutu kuishika karatasi iliyochapwa na mtambo na kusema: hesabu hii si sahihi.