Redio ndani ya handaki si muziki tu

Test zimetubana hapa kampasi, ila nikaona nisiwaache mikono mitupu. Leo historia kidogo: dereva akiingia kwenye handaki la barabara, redio yake inaendeleaje kuongea?

Kwa kawaida ingenyamaza. Wimbi la AM la 1000 kHz lina urefu wa mita 300, halipenyi kwenye tundu la upana wa mita chache. La FM lina kama mita 3, linaingia kidogo, halafu mwamba, kona na malori vinalimaliza.

Dawa ilitoka kwa watu wa treni na migodi. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani, Monk na Winbigler, waliandika kuhusu mawasiliano na treni zikiwa ndani ya mahandaki. Baadaye wataalamu wa migodi ya makaa ya mawe Ubelgiji na Uingereza wakaendeleza. Siri ni kebo inayovuja: ganda lake la chuma limeachwa na matundu makusudi, mawimbi yanatoka kidogo kidogo njia nzima. Nje antena inadaka stesheni, amplifaya inaongeza nguvu, kebo inasambaza. Basi!

Ila jamani msidhani ni starehe tu. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na majarini liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, lenye kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia. Watu 39 walikufa, wengi wao ndani ya magari yao. Yaani mtu amekaa kwenye gari akidhani ndiyo salama, kumbe moshi wenye sumu unamfuata mbio. Mtu kama huyo anahitaji sauti ya kumwambia: zima injini, shuka, kimbia.

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inataka hivi: handaki likiwa na kituo cha uangalizi na linarusha redio kwa madereva, lazima matangazo yaweze kukatizwa ili kutoa ujumbe wa dharura.

Kwangu mimi mwalimu mtarajiwa, hapo ndipo historia inapouma. Kebo ilijulikana miaka mingi, lakini sheria ikaja baada ya misiba. Sasa mtu akiniambia historia ni kukariri tarehe tu, namsimulia hii.

Haya, ngoja niwahi foleni ya kantini kabla maharage hayajaisha. Tuonane wiki ijayo!