Kilimohai (alama)

Kilimohai ni alama inayoonyesha kuwa zao au chakula kimezalishwa kwa kilimo hai kulingana na kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 456, kilichopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Masharti
Mkulima hatumii mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Hurutubisha udongo kwa samadi, mboji na mikunde, na hubadilisha mazao shambani msimu kwa msimu. Shamba lililokuwa likitumia kemikali hupitia kwanza kipindi cha mpito.

Uthibitisho
Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, mkaguzi wa shirika huru hukagua shamba, ghala na daftari la pembejeo na mauzo. Katika ya pili, wakulima wa kikundi kimoja hukaguana kwa kutembeleana mashambani; njia hii ni nafuu, hivyo humfaa mkulima mdogo anayeuza katika soko la karibu. Anayepeleka bidhaa Ulaya huhitaji cheti kinachotambuliwa huko. Alama ya Umoja wa Ulaya ni jani lililochorwa kwa nyota. Chakula kilichosindikwa huibeba iwapo angalau asilimia 95 ya viambato vyake vya kilimo ni vya kilimo hai.

Kusoma lebo
Neno "asilia" peke yake si uthibitisho. Mnunuzi atafute alama pamoja na jina au namba ya mthibitishaji. Alama huthibitisha namna chakula kilivyozalishwa. Haipimi virutubisho vyake.