Kwato na Nyayo: Farasi katika Vita vya 1917

Farasi si mnyama wa nchi ya Ruangwa wala Nachingwea. Hata hivyo mwaka 1917 alifika huku, naye hakudumu. Leo twataka kueleza sababu yake, na ni nani aliyeishika kazi aliyoiacha.

Kwanza na tuutazame ukwato, maana ndio uhai wa farasi. Ndani yake umo mfupa mdogo wenye umbo kama la ukwato wenyewe. Mfupa huo umening'inizwa kwa vijitando vyembamba vilivyoshikamana na ganda, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumana. Farasi akila nafaka kupita kiasi, au akikimbizwa mno juu ya njia ngumu, au mguu mmoja ukiumia hata mwenziwe ukachukua uzito wote, vijitando hivyo huvimba na kuachia. Ndipo kano ya nyuma ya mguu huuvuta mfupa, ncha yake ikageuka chini, pengine hata kutoboa wayo.

Dawa yake yataka haraka na subira pamoja. Haraka ni kumwondolea nafaka na kuzipoza kwato kwa barafu au maji baridi sana tangu saa za kwanza. Subira ni kumpumzisha juu ya mchanga laini, na fundi kuuchonga ukwato kidogo kidogo, hata kwa miezi mingi. Punda naye hupatwa na ugonjwa huu, tena huficha maumivu yake; basi mwenye punda asingoje mpaka achechemee.

Lakini vita havina subira. Mwaka 1917 jeshi la Waingereza lilitoka Kilwa, likavuka mto Mbwemkuru, likaelekea kusini, na tarehe 10 Oktoba likatwaa Ruponda, iliyo leo katika wilaya ya Nachingwea. Miongoni mwao walikuwamo wapanda farasi wa Bara Hindi. Siku chache baadaye yakawa mapigano makali ya Mahiwa, na tarehe 21 yale ya Lukuledi.

Porini humo aliwangoja adui asiye na bunduki, yaani mbung'o. Tangu 1895 daktari David Bruce alikuwa ameonyesha katika nchi ya Wazulu ya kuwa nzi huyo huchukua vijidudu vya nagana na kuvitia katika damu ya mnyama. Farasi mwenye nagana hukonda, hudhoofika, hufa. Fundi wa kwato, ajapokuwa stadi namna gani, hawezi kumponya kwa nyundo na tupa. Katika vita hivyo farasi, nyumbu na punda walikufa kwa maelfu.

Basi mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Wapagazi walikwenda miguu mitupu, funza wakiwala vidole, maana mdudu huyo alikwisha kuenea Afrika baada ya kuletwa Angola kutoka Brazil mwaka 1872. Wapagazi wa Waingereza waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Ukwato wa farasi ulikuwa na fundi wake na kiatu chake cha chuma. Wayo wa mpagazi haukuwa na kiatu. Nasi tukipita njia ya Ruponda, tukumbuke nyayo hizo.