Dhamiri ya Mtumishi na Amri ya Chanjo: Funzo la Historia kwa Wachungaji

Utangulizi

Katika mwaka 2021 wachungaji wengi wa Marekani waliombwa jambo ambalo hawakuandaliwa kwalo. Washarika waliokuwa watumishi wa serikali, miongoni mwao askari polisi, wazima moto, makarani na wauguzi, waliwaendea wakiomba barua ya kuthibitisha kwamba imani yao iliwazuia kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19. Waliogopa kwamba pasipo barua ya namna hiyo wangeachishwa kazi. Mchungaji akabaki na kalamu mkononi. Je, atie sahihi? Akitia, atakuwa ameshuhudia nini mbele ya Mungu? Akikataa, atakuwa amemwacha nani?

Makala hii haikusudii kuhukumu chanjo yenyewe. Inakusudia kutazama historia ya wale waliopinga kulazimishwa, hasa watumishi wa serikali, ili tuone mchungaji anadaiwa nini na msharika wa namna hiyo. Hoja yetu ni kwamba wajibu wa kwanza wa mchungaji ni kumsaidia mtu kuitaja kwa kweli sababu ya kukataa kwake. Hofu, jeraha, kutoiamini mamlaka, na dhamiri iliyofungwa na Neno la Mungu ni mambo manne mbalimbali. Anayeyachanganya hulidhuru Kanisa na humdhuru pia mtu mwenyewe.

Mchungaji wa Cambridge

Kesi ambayo wanasheria wa Marekani huirejea kila mara katika jambo hili ilianzishwa na ukaidi wa mchungaji wa Kilutheri. Henning Jacobson alizaliwa Sweden mwaka 1856, akahamia Marekani angali kijana, na hatimaye akawa mchungaji wa usharika wa Waswidi katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Kati ya mwaka 1901 na 1903 ndui iliupiga mji jirani wa Boston. Watu 1,596 waliugua na 270 wakafa. Tarehe 27 Februari 1902 Halmashauri ya Afya ya Cambridge iliamuru wakazi wachanjwe. Mtu mzima aliyekataa alitozwa faini ya dola 5.

Jacobson alikataa kuchanjwa, akakataa na kulipa. Alieleza kwamba alipokuwa mtoto huko Sweden, ambako chanjo ya ndui ilikuwa ya lazima tangu mwaka 1816, aliumwa sana baada ya kuchanjwa, na kwamba mwanawe naye alidhurika. Wala hofu yake haikuwa ya kijinga. Mwaka 1901, katika mji wa St. Louis, watoto 13 walikufa kwa dawa ya dondakoo iliyokuwa imechafuliwa na pepopunda. Mwaka huohuo huko Camden, New Jersey, watoto 9 walikufa kwa pepopunda baada ya kuchanjwa ndui. Bunge la Marekani likalazimika kutunga sheria mwaka 1902 ya kusimamia utengenezaji wa dawa hizo.

Jambo moja hapa lastahili kuangaliwa na wanatheolojia. Ingawa mshtakiwa alikuwa mchungaji, ushahidi aliotaka kuuleta mahakamani ulihusu madhara ya chanjo, na utetezi wake ulisimama juu ya uhuru wa raia chini ya katiba. Hakudai kwamba Ukristo umekataza chanjo. Aliitaja sababu yake kwa jina lake.

Tarehe 20 Februari 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimhukumu kushindwa, majaji 7 dhidi ya 2. Jaji John Marshall Harlan, aliyeandika hukumu hiyo, alieleza kwamba uhuru wa mtu mmoja hauwezi kuwa ruhusa ya kuwaweka wengine wote hatarini. Lakini hukumu hiyo iliacha nafasi ambayo wengi huisahau: mahakama ilionya kwamba mamlaka inaweza kutumika kwa namna ya kionevu, na kwamba sheria haipaswi kueleweka kana kwamba inamlazimisha mtu ambaye afya yake ingeharibika kwa kuchanjwa. Tena adhabu iliyokuwa mbele ya majaji ilikuwa ni faini. Jacobson alishindwa, lakini hakushikwa mkono kwa nguvu, wala hakuondolewa katika kazi yake ya uchungaji.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1905 ulipanuliwa baadaye kwa namna ya kutisha. Mwaka 1927, katika shauri la Buck dhidi ya Bell, Jaji Oliver Wendell Holmes aliitumia hukumu ya Jacobson kuhalalisha kufungwa kizazi kwa mwanamke aliyedaiwa kuwa na upungufu wa akili. Kwa sheria za aina hiyo, zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi nchini Marekani katika karne ya 20. Kwa hiyo anayeuliza mipaka ya mamlaka juu ya mwili wa mwanadamu asidhaniwe mara moja kuwa mwasi. Swali lake lina makaburi na machozi nyuma yake.

Serikali ikiwa mwajiri

Kwa Jacobson serikali ilikuwa mamlaka tu. Kwa mtumishi wa umma wa mwaka 2021 serikali ilikuwa mamlaka na mwajiri kwa pamoja. Mkono ulioshika sheria ndio uliolipa mshahara. Hapo uzito wa jambo ulibadilika.

Tarehe 29 Julai 2021 Rais Joe Biden alitangaza kwamba watumishi wa serikali ya shirikisho wathibitishe kuwa wamechanjwa, au wavae barakoa na kupimwa mara kwa mara. Njia ya vipimo ilimwachia mtu nafasi ya kuchagua. Lakini tarehe 9 Septemba rais alitia sahihi amri mpya iliyoiondoa njia hiyo. Mtumishi achanjwe, isipokuwa kama ana sababu ya kiafya au ya kidini inayotambuliwa na sheria. Walioguswa walikuwa zaidi ya milioni mbili. Kufikia mwisho wa Novemba serikali ilitangaza kwamba zaidi ya watumishi 9 katika kila 10 walikuwa wamepata angalau dozi moja.

Baadhi ya waliokataa walikwenda mahakamani. Tarehe 21 Januari 2022 jaji wa shirikisho huko Texas aliisimamisha amri hiyo nchi nzima. Alisema kwamba swali lililokuwa mbele yake halikuwa iwapo watu wachanjwe, bali iwapo rais, pasipo Bunge, aweza kuwalazimisha mamilioni kupokea tiba ili wabaki kazini. Mahakama ya rufani kwanza iliitengua hukumu hiyo. Kisha, tarehe 23 Machi 2023, ikiketi na majaji wake wote, ikaithibitisha. Mwezi Mei 2023 serikali yenyewe iliifuta amri, na mwezi Desemba Mahakama ya Juu ikaziondoa hukumu za chini kwa kuwa hapakuwa tena na jambo la kubishania. Hivyo swali kubwa liliachwa bila jibu la mwisho.

Katika jiji la New York mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwezi Februari 2022 watumishi 1,430 wa jiji waliachishwa kazi kwa kutochanjwa. Walikuwa chini ya mmoja katika kila mia, na mwenye kutazama hesabu angesema ni wachache. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Februari 2023, sharti lile liliondolewa. Mwenye kutunza roho za watu hana budi kuuliza: je, faini ya dola 5 na kupoteza riziki ya nyumba nzima ni adhabu za kipimo kimoja?

Tutambue pia kwa nini barua za wachungaji zilitafutwa. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri aijali imani ya kweli ya mfanyakazi. Mwenye maradhi naye alikuwa na njia yake. Lakini hapakuwa na mlango kwa mtu aliyeogopa tu, wala kwa yule aliyekuwa ameacha kuwaamini watawala. Basi wengi walipita katika mlango wa imani, kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Wamo waliosema kweli tupu. Na wamo walioivika hofu yao kanzu ya dhamiri.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Nchini Kenya, mwezi Agosti 2021, watumishi wa umma waliagizwa wawe wamechanjwa kufikia tarehe 23 ya mwezi huo, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Baadaye serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa asipewe huduma katika ofisi zake. Mahakama Kuu ikalisimamisha tangazo hilo tarehe 14 Desemba. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021 kwa msingi wa hiari.

Mafundisho ya Luther

Mwaka 1523 Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya dunia na mipaka yake. Alifundisha kwamba mamlaka hiyo yahusu mwili, mali na mambo ya nje, lakini haina nguvu juu ya roho. Kwa hiyo Mlutheri hawezi kusema kwa wepesi kwamba serikali haihusiki kamwe na mwili wake. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linawataka Wakristo watii mamlaka, isipokuwa pale inapowaamuru kutenda dhambi; ndipo lazima kumtii Mungu kuliko wanadamu (Mdo. 5:29). Swali gumu kwa mwenye kuomba barua ni hili: je, kuchanjwa ni dhambi? Kama hawezi kusema hivyo mbele za Mungu, basi asiseme hivyo mbele ya mwajiri wake.

Lakini katika kitabu hichohicho Luther aliwageukia watawala, akawafundisha kwamba sheria haina budi kuongozwa na upendo na busara, na kwamba mtawala asiyejua kusamehe jambo dogo hajui kutawala. Neno hilo lawahusu wanaoachisha watu kazi leo.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini akiwahudumia wagonjwa. Alipoulizwa na wachungaji wa Breslau kama ni halali kukimbia, aliwajibu kwamba wenye nafasi za utumishi, yaani wahubiri, wakuu wa miji na mahakimu, wasiwaache watu waliokabidhiwa kwao. Aliwakemea waliodharau dawa, akiona kwamba wanamjaribu Mungu na kuwahatarisha majirani zao. Hata hivyo aliwaruhusu wasio na wajibu kama huo kuondoka, akaonya kwamba mwenye imani thabiti asimhukumu aliye dhaifu. Hapa tunaiona mizani: utumishi humwongezea mtu wajibu kwa jirani, na udhaifu wa ndugu huchukuliwa kwa upole (Rum. 14).

Mizani hiyo ilihitaji pia ukweli wa kitaalamu. Chanjo za UVIKO-19 ziliwakinga wengi wasiugue vikali na wasife. Lakini kadiri virusi vilivyobadilika, hasa tangu mwisho wa mwaka 2021, uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulipungua haraka. Hoja ya kumlinda jirani haikufutika, ila haikuwa tena na nguvu ileile iliyokuwa nayo katika ndui. Sheria iliyokataa kutazama badiliko hilo ilijipunguzia heshima.

Mpishi wa Merca

Historia ya ndui inatupa shahidi mmoja zaidi, tena wa pwani yetu. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi katika hospitali ya Merca, Somalia, na aliwahi kufanya kazi ya muda katika kampeni yenyewe ya kuchanja ndui. Hata hivyo yeye mwenyewe alikwepa kuchanjwa, na baadaye alikiri kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili wa ndui ili kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa fupi, lakini aliambukizwa, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya maambukizi ya kawaida. Kwa ajili yake zaidi ya watu 50,000 wa eneo lile walichanjwa katika majuma yaliyofuata. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kwamba ndui imekwisha.

Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio. Wazazi walipowaficha watoto wao, aliwasimulia hofu yake mwenyewe na yaliyompata. Mwaka 2013 alifariki kwa malaria akiwa angali katika kazi hiyo. Alifaa kuwashawishi waliokataa kwa sababu naye alikuwa mmoja wao, na kwa sababu hakuipa hofu yake jina jingine.

Hitimisho

Tumrudie sasa mchungaji aliyebaki na kalamu mkononi. Asianze na barua, aanze na kiti: amketishe msharika wake na kumsikiliza. Akiona hofu, ampeleke kwa mganga mwaminifu, naye aende pamoja naye. Akiona jeraha la zamani, kama la Jacobson, amsaidie kuipata njia ya kiafya ambayo sheria imeiacha wazi. Akiona kutoiamini mamlaka, asimdhihaki, kwa maana mamlaka imewahi kustahili kutiliwa shaka. Amshauri atumie chama cha wafanyakazi na mahakama, kama raia huru. Akiona dhamiri iliyofungwa kweli, hata kama haikubali hoja zake, aandike kwamba mtu huyu ndivyo anavyoamini, wala asiandike kwamba Kanisa ndivyo linavyofundisha. Na katika hali zote nne, mtu huyo akiachishwa kazi, usharika uulize kama nyumbani kwake kuna chakula.

Jacobson alikuwa mchungaji, naye hakulifanya Neno la Mungu kuwa ngao ya hofu yake. Katika hilo alishindwa kesi kwa heshima.