Fyuzi ilizikwa mapema

Wadau, kuna fundi anayewaambia fyuzi ni mambo ya kizamani? Mwaka 1924 Mjerumani Hugo Stotz alisajili sakiti breka ndogo: shoti ikitokea inakata, unairudisha kwa kidole. Fyuzi ya enzi za Edison ikaonekana imekwisha habari yake.

Kumbe! Mwaka 1957 General Electric ya Marekani ikatoa thairista, silikoni inayowasha umeme bila vyuma kugusana. Kontakta zilizotokana nayo zina udhaifu mmoja. Kontakta ya vyuma huvumilia shoti kidogo; silikoni huungua kwa milisekunde chache, breka ya kawaida ikiwa bado inajifungua. Dawa ikawa fyuzi ya haraka: utepe wa madini ya fedha ndani ya mchanga. Breka ikabaki kulinda nyaya.

Fyuzi hiyo ni ghali, ndiyo. Ulizeni kwanza bei ya kontakta.